Uso wa Odongo

Ujumbe wa Geoffrey ulikuwa na maneno manne: "Nakuja saa nane. Subiri." Athieno aliusoma asubuhi akifunga viatu, akausoma tena njiani kutoka Tororo, na alipofika Busia upande wa Kenya, katika studio ya Becky alikozoea kuchapisha picha zake, alikuwa ameusoma mpaka umekwisha ladha. Siku kumi na moja kijana hakupokea simu. Leo anamwambia asubiri, kana kwamba kuna jambo jingine ambalo msichana wa watu amekuwa akilifanya.

Nyumbani alikuwa amevaa gauni la kijani ambalo Geoffrey alilipenda, akalivua asije akaonekana anajipendekeza, akavaa suruali, kisha akalirudia gauni. Wewe uliyewahi kupenda usimcheke. Moyo ukishashikwa, hata kabati la nguo huwa adui.

Becky, mwenye studio, mwanamke wa Kikenya mwenye ulimi mwepesi na roho safi, alimtazama akiizunguka mashine ya kuchapisha mpaka akachoka, akamvutia kiti na kumwekea chai mbele.

"Akikuja na maneno mob, bado kuna hope," alimwambia. "Akikuja amenyamaza, jipange, dadangu."

Athieno alikunywa chai ile bila kujua kama ina sukari. Alijua fika kinacholetwa na saa nane. Ama Geoffrey anakuja kumwambia kwamba wazee wa kwao Buhehe watafika kwa baba yake, kijijini Mukuju, kumposa mwisho wa mwezi, kama walivyokubaliana, ama anakuja kumwambia kwamba hawatafika kamwe. Katikati ya hayo mawili hapakuwa na pa kusimama.

Na yote hayo yaliletwa na picha moja, picha aliyoipiga kwa mikono yake mwenyewe, tena kwa mapenzi.

Athieno alikuwa mwanafunzi wa upigaji picha, mwaka wa pili, katika chuo kimoja mjini Tororo. Mwalimu wake, Luke, aliwapa kazi ya muhula mzima: kila mmoja atafute wasanii ambao picha zao za watu zimemgusa, ajifunze mbinu zao, kisha atengeneze za kwake. Athieno aliipokea kazi hiyo kwa mikono miwili. Alipiga nyuso za wanawake nyuma ya kioo kinachotiririka maji, kama alivyoona kwa msanii mmoja. Akalaza filamu yenye uso wa mzee mmoja wa Mukuju juu ya jani bichi la mgomba, akalianika juani siku tatu mpaka sura ikajichora yenyewe kwenye jani. Akamkalisha binti wa jirani chini ya ungo ili kivuli chake kimshonee uso kama lesi. Zote zilikuwa nzuri, na zote zilinuka mkono wa mtu mwingine. Hilo alilijua mwenyewe kabla ya kuambiwa.

Ndipo alipoona kazi za mpigapicha mmoja wa zamani aliyekuwa akimweka mtu mmoja mara mbili ndani ya picha moja, huku amesimama, huku ameketi, anajitazama mwenyewe. Athieno alikesha na wazo lile. Hakuhitaji kufikiri ni nani angemweka mara mbili.

Geoffrey Oundo alikuwa Msamia wa Buhehe, upande wa Uganda, kijana wa miaka ishirini na saba, karani wa wakala wa forodha, kazi yake kukimbiza makaratasi ya malori kutoka dirisha hili mpaka lile pale mpakani. Walikutana kwa Becky siku alipokuja kupigwa picha ya pasipoti, Athieno akashika kamera, Geoffrey akafumba macho mara sita mfululizo, na mara ya sita wote wawili wakacheka mpaka Becky akawafukuza. Yeye kwao ni Kisamia, Athieno kwao ni Dhopadhola, kwa hiyo walipendana kwa Kiswahili cha mpakani, Kiswahili kisichojali sana sarufi lakini kinachofika.

Basi alimsimamisha mbele ya kitambaa cheusi, nyuma ya nyumba yao Mukuju, kamera juu ya miguu yake mitatu. Akampiga upande wa kushoto, akamhamishia kulia, akampiga tena juu ya picha ile ile. Wakatokea wanaume wawili. Wa kushoto amefunga mdomo, mzito, anatazama mbele. Wa kulia amegeuza shingo, anacheka. Bega la mmoja lilipita juu ya kifua cha mwenzake kama ndugu waliobanana kwenye benchi la kanisa. Mwalimu Luke aliitazama kwa muda mrefu, akasema hiyo ndiyo itakayofungua maonyesho ya chuo.

Athieno akaichapisha kubwa hapa hapa kwa Becky, akaitia fremu, na siku Geoffrey alipompeleka Buhehe kuonwa na mama yake kwa mara ya kwanza, akaibeba kama zawadi. Alijiambia hakuna mama duniani ambaye hangependa kumwona mwanawe wa pekee mara mbili. Kosa lake lilikuwa hilo tu, na hata leo sioni nani angelikwepa.

Mama Specioza aliifungua mbele ya wageni. Alikuwapo Damalie, dada wa marehemu mumewe, na majirani wawili. Aliifunua karatasi taratibu, akatabasamu, halafu tabasamu likamkauka. Alinyoosha kidole akakiweka juu ya yule anayecheka, akatamka kwa sauti ndogo, "Odongo."

Katika nchi ile mtu haelezwi zaidi. Pacha wa kwanza kutoka ni Opio, wa pili ni Odongo, na Geoffrey aliitwa Oundo, jina lisilo la pacha, kwa kuwa ilijulikana alizaliwa peke yake. Damalie aliweka kikombe chini. Alimwuliza wifi yake amesema nani. Mama Specioza aliteleza kutoka kwenye kiti mpaka sakafuni, fremu kifuani, na Athieno akatolewa nje na jirani mmoja, akaambiwa arudi kwao kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kumwona Geoffrey.

Leo Geoffrey aliingia studioni saa nane na robo. Alikuwa amenyamaza.

Becky aliwatazama wote wawili, akachukua mkoba akasema anakwenda kununua sukari, ingawa kopo lilikuwa limejaa. Athieno alisimama. Alikuwa amejiandalia maneno, ya ukali kwanza, kisha ya upole, lakini alipokiona kichwa cha Geoffrey yote yalimtoka. Kijana alikuwa amenyoa upara, kama wanavyonyoa watu waliofiwa.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Ndugu yangu," Geoffrey alisema. "Miaka ishirini na saba imepita. Lakini kwetu amekufa juzi."

Aliketi kwenye kile kiti cha wateja wa pasipoti, akaeleza akitazama viatu vyake. Mama yake alijifungua mapacha wakati baba yupo kazini Jinja. Mama alikuwa kijana, kiongozi wa kwaya, ameokoka na moto wake wote, naye alijua kinachomngoja mama wa mapacha: ngoma za mapacha, na zile nyimbo za matusi ambazo mashangazi huimba mlangoni, maneno ambayo kanisani hayatajwi. Alikwenda kujifungulia kwa mke wa katekista mmoja huko Kwapa, rafiki wa mama yake mzazi. Siku ya pili mtoto wa pili akafa. Wakamzika wenyewe pembeni ya shamba la mtama. Mama akarudi Buhehe na mtoto mmoja mgongoni, akasema amezaa mmoja, na aliyekuwa anajua akafa na siri hiyo. Mume naye alikufa bila kujua kwamba alikuwa na wana wawili.

"Senge alilia siku mbili," Geoffrey alisema. Senge ndivyo alivyomwita Damalie, shangazi yake. "Halilii mtoto. Analilia kaka yake. Anasema kaka yangu alilala kwa kaburi hajui hesabu ya watoto wake."

"Na Mama?"

"Hakuli. Maji tu. Uji, kama Senge akimlazimisha."

Athieno alitaka kumshika mkono. Aliusogeza mkono wake mpaka ukingoni mwa meza, ukaishia hapo, kwa sababu wa Geoffrey haukusogea.

Kijana aliendelea. Wazee wa ukoo walikaa, wakasema mtoto lazima azikwe nyumbani, mbele ya watu, na mambo ya mapacha yafanywe hata kama yamechelewa. Lakini kule Kwapa shamba liliuzwa zamani, wakajenga nyumba juu yake, hakuna wa kuonyesha mahali. Wazee wakasema basi uzikwe mgomba, kama unavyozikwa kwa mtu aliyepotea majini au vitani na mwili haukupatikana. Kila mtu akakubali. Mama Specioza ndiye aliyekataa, na hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoyasema kwa siku sita.

"Alisema, mtoto wangu si mgomba," Geoffrey alisema. "Alisema, huyu ana uso. Mimi nimeuona."

Sasa Athieno alielewa kwa nini aliambiwa asubiri hapa, penye mashine, na si mahali pengine popote. Akaketi.

"Mnataka picha."

"Mama anataka. Yule wa kulia peke yake. Mimi nisikuwe ndani. Seremala ameshatengeneza kisanduku, hivi." Alipima kwa mikono. Hakikuwa kikubwa kuliko mkate. "Tunazika Jumamosi."

Nje malori yalipiga honi yakingoja kuvuka, kelele ile ambayo watu wa mpakani hawaisikii tena. Kisha Athieno akauliza lile swali ambalo msichana mwenye akili asingeliuliza, lakini mapenzi na akili hazikai nyumba moja kwa amani.

"Jumamosi na mimi nikuje?"

"Hapana."

"Na wazee wenu? Mukuju wanakuja lini?"

Geoffrey aliinua macho kwa mara ya kwanza. Yalikuwa mekundu, na hayakuwa na hasira wala lawama, na hapo ndipo Athieno alipoogopa kweli. Kwa lawama mtu anaweza kujitetea.

"Hawakuji, Athieno. Hawatakuja."

Aliuliza amekosa nini. Aliuliza mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya juu. Geoffrey alitikisa kichwa. Alimwambia hakuna aliyesema amekosa, hata Damalie, aliyemtetea mbele ya wazee kwamba msichana alileta zawadi kwa moyo mweupe. Hata mama mwenyewe humtaja katika sala.

"Lakini anasema wewe ukiingia kwa mlango, yeye ataangalia nyuma yako kama kuna mwingine anakuja. Kila siku. Mpaka akufe. Anasema hawezi, umsamehe."

"Hayo ni ya Mama. Wewe unasema nini?"

"Mimi niko mmoja."

"Nauliza wewe, Geoffrey."

"Nakujibu. Mimi niko mmoja. Zamani nilikuwa nafikiri mama yangu ananipenda sana kupita wengine. Kumbe alikuwa anapenda watu wawili ndani ya mtu mmoja. Sasa nimwache na nani?"

Athieno alimwambia wangeweza kukaa Tororo, mbali na macho ya mama, wakawa wanamtembelea polepole. Akamwambia angengoja mwaka mzima, hata miwili, mpaka jeraha lifunge. Akasema hata kamera angeiweka chini ikiwa kamera ndiyo inayoogopwa, na alipolisema hilo alijisikia vibaya, maana alijua ni kweli, angeiweka. Msichana aliyeshindana na baba yake miaka miwili ili akubaliwe kushika kamera ile, leo anaitoa kama mtu anayetoa kiti kwa mgeni. Mapenzi yana adabu mbaya sana.

"Usinisubiri," Geoffrey alisema. "Tafadhali. Ukinisubiri, nitakuja. Nitamwacha mama kwa ile nyumba na nitakuja, na sitajisamehe, na wewe utaishi na mtu kama huyo."

Hapo hasira zikampanda. Alimwambia picha ni yake. Aliipiga yeye, akaifikiria yeye, ni kazi yake ya chuo, ndiyo imechaguliwa kufungua maonyesho. Hakuna sheria inayomlazimisha kumkata mtu nusu kwa sababu ya siri za familia ambayo imemfungia mlango.

"Na nikikataa?" alimaliza.

"Nitarudi na mgomba," Geoffrey alisema, bila kupandisha sauti. "Nitamwambia picha imeharibika."

Angemwambia hivyo kweli. Angesema uongo mbele ya mama anayekufa njaa ili Athieno asilaumiwe. Hasira zote zikamshuka, zikamwacha mtupu. Kama mwanaume huyu angekuwa mbaya kidogo tu, siku ile ingekuwa rahisi kuibeba.

Akavuta kiti mpaka kwenye kompyuta ya Becky, akaifungua picha.

Wakatokea wote wawili kwenye kioo, mzito na anayecheka. Geoffrey alikuja akasimama nyuma ya kiti chake, karibu hata pumzi zake zikamgusa shingo, na Athieno akaanza kufuta. Alianzia pembeni, akamla yule mzito kidogo kidogo: sikio, shavu, mdomo uliofungwa, macho. Kazi ilikuwa ngumu pale kwenye bega, pale lilipopita juu ya kifua cha mwenzake. Ilibidi akuze picha, afute nukta moja moja, akijaza weusi wa kitambaa mahali pa nyama ya mtu. Mkono haukukosea. Mikono iliyozoea kazi haina huruma na mwenye mikono. Akawa anatamani bega lile liwe refu, lisiishe, kwa kuwa likiisha hakutabaki sababu ya Geoffrey kusimama hapo nyuma yake.

Liliisha.

Akabaki yule anayecheka, peke yake gizani, amegeuza shingo kuelekea mahali ambapo hapakuwa na mtu tena. Athieno aliujua uso ule kuliko mtu yeyote. Siku ile Mukuju alimwamuru Geoffrey asicheke kabisa, asije akaharibu. Mara ya kwanza alitii. Mara ya pili, kidole kikiwa tayari juu ya kitufe, Geoffrey aligeuka akamwambia, "Siku moja mtoto wetu atauliza, baba ni huyu ama ni yule?" Akacheka kwa kitu alichokisema mwenyewe, na Athieno akabonyeza. Ndiyo kicheko hicho kilichokuwa mbele yao sasa. Hakikuwa cha Odongo. Kilikuwa cha mtoto wao ambaye hajazaliwa.

Aligeuka kumtazama Geoffrey, akaona naye anakumbuka. Kila kitu kilikuwa usoni mwake, wala hakukificha.

"Senge aliniuliza hapa nilikuwa nacheka nini," Geoffrey alisema.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia huyo si mimi, ni Odongo. Mimi nitajua wapi kilichomchekesha?"

Athieno alituma picha kwenye mashine. Karatasi ilitoka polepole, nywele kwanza, paji la uso, macho, meno. Wakaingoja ikauke wakiwa wamesimama pande mbili za meza kama watu wasiojuana. Kisha Geoffrey akasema lililobaki, na alilisema haraka ili limtoke. Wazee walitaka isibaki nyingine. Aliyezikwa haachwi mwingine wake anazungukazunguka duniani. Ile ya kwenye fremu wameshaichoma. Iliyobaki ni hii ya kwenye mashine.

Athieno aliifuta ya wote wawili, akaifuta ya mmoja, akatoa kadi ya kamera kwenye mkoba akafuta na iliyokuwa humo. Mwalimu Luke angetafuta picha nyingine ya kufungulia maonyesho yake. Athieno aliitia ile karatasi moja iliyobaki katika bahasha ngumu, akaufunga mdomo wa bahasha na kuukandamiza kwa kiganja.

"Asante, Athieno," Geoffrey alisema. Miezi yote tangu wapendane alikuwa akimwita Thieno.

Geoffrey aliichukua bahasha. Akatoka. Athieno alimfuata mpaka kizingitini, hakuvuka. Alimwona akiingia katika foleni ya watu wanaorudi Uganda, wanawake wenye mafurushi, waendesha baiskeli, madereva wenye makaratasi, wanaomfahamu wakimsalimu kwa jina naye akiitikia kwa kichwa tu. Watu walikuwa wengi, wanasukumana. Geoffrey hakuikunja ile bahasha wala hakuitia kwapani. Aliilaza juu ya mikono yake yote miwili, kifuani, kama anavyobebwa mtoto mchanga, akaikinga kwa mabega kila aliposukumwa, mpaka askari akamfungulia njia akavuka nayo.

Athieno alilia palepale mlangoni, mchana kweupe, wapita njia wakimwangalia.